Pikapu ya shamba ikichemsha kwenye tope: Rejeta kubwa si dawa ya kwanza

KATI ya Novemba na Mei, mvua zinapokolea kwenye nyanda za juu kusini, biashara ya viazi mviringo katika maeneo kama Makete, Uporoto na Matamba hutegemea gari kuliko jembe. Viazi vipo shambani, lori la mnunuzi limesimama kwenye barabara inayopitika, na katikati kuna kilometa kadhaa za udongo uliolowa ambako lori hilo haliwezi kuingia. Kazi hiyo huachiwa pikapu za magurudumu manne: Land Cruiser za zamani, Hilux, na Land Rover ambazo baadhi zina umri mkubwa kuliko madereva wake.

Katika njia hizo ni jambo la kawaida kukuta pikapu imesimama pembeni, boneti juu, mvuke ukitoka, na utingo anateremka bondeni na dumu kutafuta maji. Wenye magari wengi huichukulia hali hiyo kuwa sehemu ya msimu. Gari likipoa, maji yanaongezwa, safari inaendelea.

Hasara yake mara nyingi haiandikwi popote. Viazi vilivyokwisha kung'olewa vikipigwa na jua hugeuka kijani na kujenga sumu, na vikilowa kwenye magunia huanza kuoza. Mwenye lori naye hasubiri. Asipopata mzigo kijiji hiki huenda kingine, na dalali anayebaki hujipangia bei. Upande wa gari, injini inayochemshwa mara kwa mara huunguza gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe hupinda ama kupasuka. Injini za Toyota za 2L-T zenye tabo zina sifa mbaya kwa jambo hilo, na hedi ya alumini ya Land Rover 300Tdi hupinda upesi ikikosa maji hata kwa dakika chache. Matengenezo ya aina hiyo huweza kula faida ya msimu mzima.

Mwenye pikapu aliyechoka na hali hiyo kwa kawaida hufunga safari kwenda mjini kutafuta rejeta kubwa zaidi. Ni ununuzi wa fedha nyingi, na si mara moja gari limerudi shambani na kuchemsha vilevile. Sababu ni kwamba kwenye tope rejeta huwa haikosi ukubwa. Inachokosa kwanza ni hewa, na baada ya hewa ni presha.

Joto jingi, upepo kidogo

Katika injini ya dizeli, takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta ndiyo inayosukuma gari. Iliyobaki ni joto. Sehemu moja hutoka kwenye ekzosi na nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini hadi kwenye rejeta, ambako hewa huyapoza. Gari likikimbia kilometa 80 kwa saa barabara ya lami, upepo wenyewe hufanya kazi kubwa ya kupoza. Feni husaidia tu.

Kwenye tope mambo hugeuka. Dereva ameingiza gia nzito za magurudumu manne, injini inanguruma kwa nguvu, lakini gari linatambaa mwendo wa mtu anayetembea. Joto linalozalishwa ni la gari linalopanda mlima kwa kasi, na upepo unaoingia mbele ni kama wa gari lililoegeshwa. Hewa yote sasa lazima ivutwe na feni. Tope lililorushwa na magurudumu ya mbele nalo linazidi kujibandika juu ya rejeta, na kila kibati kinachozibwa ni nafasi ambayo hewa haipiti tena.

Tena tope hilo halibaki tope. Joto la rejeta hulikausha likawa kama tofali bichi kati ya vibati vyembamba. Mvua inayofuata haliondoi, linaongezewa jingine juu yake. Ndiyo maana gari lililopita vizuri wiki ya kwanza ya mvua linaweza kuanza kuchemsha wiki ya tatu bila kitu chochote kuharibika ndani ya injini.

Mlimani maji huchemka mapema

Jambo la pili ambalo madereva wa nyanda za juu wanalo na wa Pwani hawana ni mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Anayetoka Chimala, kwenye uwanda wa Usangu, akapanda barabara ya Matamba ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, kisha akaendelea hadi juu kwenye uwanda wa Kitulo, anafika mahali penye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Huko maji kwenye sufuria huchemka yakiwa na nyuzi 91 tu. Mama lishe wa huko anajua kwa nini maharage yake hayaivi haraka.

Injini nyingi za dizeli hufanya kazi zikiwa na nyuzi kati ya 80 na 95. Kwa maana hiyo, injini nzima isiyo na tatizo lolote ingechemsha Kitulo kila siku kama maji yake yangekuwa wazi kama ya sufuria. Kinachoizuia ni kifuniko cha rejeta.

Kifuniko hicho si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Ndani yake kuna springi inayoshikilia presha, na presha ndiyo inayopandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, ambacho ni cha kawaida kwenye pikapu za Toyota, hukipandisha kwa nyuzi 20 hivi. Kule Kitulo maji ambayo yangechemka kwa nyuzi 91 hufika nyuzi 114 hivi kabla ya kuchemka. Springi ikilegea, au mpira wa kifuniko ukikatika, nafasi hiyo yote inapotea. Dereva ataona mvuke wakati geji ya joto inasoma kawaida, na fundi atatafuta ugonjwa kwenye injini.

Kifuniko kipya ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari zima, na kwa gari la milimani ndicho cha kuanza nacho. Kinachotakiwa ni kununua chenye namba ileile iliyoandikwa na mtengenezaji. Wapo wanaofunga cha 1.1 au zaidi kwa kudhani kuwa presha zaidi ni usalama zaidi. Kwenye rejeta ya zamani na mipira iliyochoka, presha hiyo hutafuta mahali pa kutokea, na itapapata kwenye kona ya thelathini na kitu, mzigo ukiwa juu.

Kuifungulia hewa njia

Baada ya kifuniko, kazi inayofuata haihitaji kipuri chochote. Ni kuangalia kila kitu kilichokaa mbele ya rejeta na kuuliza kinafanya nini hapo.

Taa kubwa za ziada zilizofungwa katikati ya grili huzuia hewa. Bango la jina la biashara hufanya hivyo pia. Gurudumu la akiba lililofungwa mbele ya gari, mtindo unaopendwa kwenye baadhi ya Land Rover kwa sababu huacha nafasi nyuma, ni ukuta kamili. Kipo pia kipande cha boksi ambacho baadhi ya madereva wa maeneo ya baridi hukipachika mbele ya rejeta asubuhi ili injini ipate moto upesi, kisha wakakisahau hadi saa sita mchana.

Kubwa kuliko hayo ni kiyoyozi kilichokufa. Pikapu nyingi zilizoingia nchini zikiwa zimetumika huja na kiyoyozi ambacho gesi yake iliisha miaka mingi iliyopita na hakuna aliyejali kuijaza, maana Makete si mahali pa kuhangaikia kiyoyozi. Hata hivyo kondensa yake bado imesimama mbele ya rejeta, na katikati ya hivyo viwili kuna mwanya wa sentimita chache ambao haufikiwi na maji ya kuoshea. Mwanya huo ukifunguliwa hukutwa umejaa udongo, mbegu za nyasi na wadudu, umekuwa kama zulia. Kuitoa kondensa isiyotumika huipa rejeta ileile uwezo ambao mwenye gari alikuwa anataka kwenda kuununua. Kama bado ina gesi, itolewe na fundi wa viyoyozi, asije mtu akakata bomba kwa msumeno.

Kwa gari lenye intakula au kondensa inayofanya kazi, angalau mara moja kila msimu bolti zake zilegezwe ili isogezwe mbele na kuoshwa nyuma yake.

Kuosha rejeta nako kuna namna yake. Hewa huingia kutoka mbele, na uchafu umesukumwa kutoka mbele, kwa hiyo maji yapitishwe kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya presha kubwa inayotumika kuoshea magari hulaza vile vibati, na kibati kilicholala huzuia hewa kama tope lenyewe. Mpira wa bustani au ndoo na bomba la kunyunyizia dawa ya mimea, lililosuuzwa vizuri, hufanya kazi nzuri zaidi. Muda mzuri ni jioni ileile, injini ikishapoa, kabla udongo haujakauka. Ukikauka, uloweshwe kwa maji ya sabuni nusu saa kwanza. Vibati vilivyolala vinaweza kunyooshwa taratibu kwa kisu butu.

Kisha inafaa kulizuia tope lisifike. Magari haya yalitoka kiwandani yakiwa na mipira ndani ya madigadi na bati chini ya injini, na kazi yake moja ilikuwa kuyazuia matope ya magurudumu yasirukie sehemu ya injini. Ni vitu vya kwanza kutupwa na fundi mwenye haraka. Vinaweza kurudishwa kwa kukata mpira wa mkanda wa mashine au tairi la zamani na kuufunga kwa bolti. Muhimu bati la chini liachwe na matundu nyuma, kwa sababu hewa ya moto iliyopita kwenye rejeta lazima ipate pa kutokea. Hewa isiyotoka huzuia nyingine kuingia.

Kwa wanaopita kwenye nyasi ndefu, wavu mwembamba mbele ya grili huzuia mbegu. Wavu huo nao unapunguza hewa, kwa hiyo ufungwe kwa namna ambayo utingo anaweza kuutoa, kuukung'uta na kuurudisha bila spana. Wavu uliofungwa moja kwa moja na kusahaulika ni afadhali usiwepo.

Feni na kava yake

Feni ya pikapu nyingi za dizeli haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta ya silikoni, ambayo huilegeza feni injini ikiwa baridi na kuikaza ikipata moto. Klachi hiyo huchoka taratibu bila kelele. Feni inaendelea kuzunguka, mwenye gari anaiona inazunguka, lakini haivuti hewa inayotakiwa.

Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa imepata moto hasa, izimwe, ufunguo utolewe, kisha feni izungushwe kwa mkono uliovaa glavu. Ikigoma kidogo, nzima. Ikizunguka kama pangaboi la dukani, imekufa. Alama za mafuta yaliyorukia pembeni mwa klachi zinaeleza habari hiyohiyo. Klachi za Aisin zinazofungwa kwenye Land Cruiser zinaweza kufunguliwa na kujazwa mafuta mapya ya silikoni, hata mazito kidogo kuliko ya mwanzo ili feni ishike mapema na kwa nguvu zaidi. Kwa gari la tope hilo ni badiliko la maana, na ni la gharama ndogo ukilinganisha na klachi mpya.

Kava ya plastiki inayoizunguka feni nayo isidharauliwe. Ikivunjika katika ajali ndogo huachwa gereji na gari huondoka bila hiyo. Bila kava, feni huzungusha hewa ileile ya moto iliyo pembeni mwake badala ya kuivuta kupitia rejeta yote. Fundi bati anaweza kuitengeneza upya kwa bati jepesi, mradi aache nafasi ya vidole viwili kuzunguka mapanga, kwani injini hucheza kwenye mabonde.

Feni za umeme zinapendwa kwa sababu zinaonekana za kisasa. Kwa pikapu ya mizigo zina matatizo mawili. Feni moja kubwa huvuta umeme wa ampia 20 hadi 30, na oltaneta ya gari la zamani hutoa ampia 60 au 80 kwa kazi zote, pamoja na taa na waipa usiku wa mvua. Tatizo la pili ni kwamba mota zake hazipatani na tope. Zinafaa kama msaada, ikiwa na rilei na fyuzi yake, lakini kuing'oa feni ya mkanda ili kuweka ya umeme kwenye injini kubwa ya dizeli kama 1HZ ya lita 4.2 ni kuirudisha gari nyuma.

Wale wanaoshindana kwenye matope, nchini Malaysia na Marekani kwa mfano, huihamishia rejeta nyuma kabisa ya gari, juu, mbali na tope, na feni zake za umeme. Kwao inafaa. Kwa mwenye pikapu, mahali hapo ndipo yanapokaa magunia.

Maji gani, na thermostati ibaki

Maji ya mtoni na ya kisima hubeba chumvi na chokaa. Yanapochemka mara kwa mara huacha ukoko ndani ya injini na kwenye mirija ya rejeta, kama ule unaoonekana kwenye birika la zamani, na ukoko huo huzuia joto lisitoke. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora kuliko ya kisima, na yaliyosafishwa kwa betri ni bora zaidi.

Kulanti hutumika siyo kwa sababu ya barafu pekee. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na glikoli huchemka kwa nyuzi 107 hivi usawa wa bahari kabla hata ya kuhesabu presha ya kifuniko, na dawa zilizomo huzuia kutu. Kuijaza kulanti tupu bila maji ni kosa, kwa kuwa maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli. Kulanti za rangi na aina tofauti zisichanganywe, kwani nyingine zikikutana huganda kama uji. Kuna tahadhari moja kwa wafugaji: kulanti ya glikoli ina ladha tamu na ni sumu kali. Ikimwagwa kwenye beseni uani, mbwa, mbuzi au kuku atainywa. Ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko na liwekwe mbali na watoto.

Wapo wanaoziba rejeta inayovuja kwa yai au unga wa manjano. Huziba kweli. Huziba na mirija mingine iliyokuwa mizima. Kwa kufika nyumbani usiku inaeleweka. Kwa kuanzia msimu haifai.

Halafu kuna desturi ya kutoa thermostati. Gari likichemsha, fundi huing'oa na kuitupa, akieleza kuwa sasa maji yatapita bila kizuizi. Kwenye injini nyingi za dizeli jambo hilo huleta kinyume chake. Injini hizo zina njia ya mchepuko ambayo maji hupita yakiwa baridi bila kwenda kwenye rejeta, na thermostati inapofunguka ndiyo hiyohiyo inayoifunga njia hiyo. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani ya injini na hairudi kwenye rejeta kabisa. Tambarare gari litaonekana limepona, hata kuwa baridi kupita kiasi na kula mafuta. Kwenye mlima wenye tope litachemsha kuliko mwanzo. Thermostati hupimwa kwa kuichemsha kwenye sufuria. Ile yenye namba 82 inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi hizo, na hilo linawezekana hata Kitulo. Isipofunguka inunuliwe nyingine yenye namba ileile.

Ikilazimu kubadili rejeta

Kuna magari ambayo hayo yote yakifanyika bado yanahitaji rejeta nyingine: mirija imekwisha kuziba, au injini imebadilishwa ikawekwa kubwa kuliko ya kiwandani. Hapo swali ni rejeta ya namna gani.

Rejeta za kisasa zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki. Ni nyepesi na zinapoza vizuri, lakini plastiki ikipasuka porini hakuna wa kuiziba. Rejeta ya shaba ni nzito na ghali zaidi, ila fundi wa kulehemu wa mji mdogo wowote anaweza kuifungua, kuisafisha mirija kwa fimbo na kuirudishia. Kwa gari linalofanya kazi mbali na mjini, uzito huo si hoja.

Kuongeza mistari ya mirija, kutoka miwili kuwa mitatu au mitatu kuwa minne, kunaongeza uwezo endapo tu feni inaweza kuvuta hewa kupitia unene huo. Jambo ambalo wengi hawaliulizi wanaponunua ni nafasi kati ya kibati na kibati. Rejeta yenye vibati vilivyobanana hupoza vizuri sana katika karatasi ya muuzaji na huziba upesi sana kwenye tope. Trekta za shambani hufungwa rejeta zenye vibati vilivyoachana kwa sababu hiyo, ili vumbi na makapi vipite au viondoke kwa maji. Kwa pikapu ya masika, kiini kinene kidogo chenye vibati vilivyoachana ni chaguo la busara kuliko chembamba chenye vibati vingi.

Mipira ya maji ibadilishwe wakati huohuo. Wa chini uwe na springi ndani yake kama ndivyo ulivyotoka kiwandani, vinginevyo pampu ikivuta kwa nguvu mpira hujinywea na maji husimama.

Geji isiyosema kweli

Injini nyingi zilizokufa kwa joto zilikufa geji ikiwa katikati. Sensa ya geji hupima maji yanayoigusa. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, sensa hubaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaungua. Dereva aliyezoea kuiangalia geji ndiye anayepata hasara zaidi.

Kwa hiyo, katika vitu vya kuongeza kwenye gari la tope, kengele ya joto inastahili fedha kabla ya rejeta kubwa. Ipo ya aina mbili. Moja hulia maji yanapopungua kwenye rejeta au tangi la akiba. Nyingine ina sensa inayofungwa na bolti kwenye chuma cha hedi chenyewe, na husoma joto la chuma, maji yawepo yasiwepo. Fundi umeme wa magari huifunga kwa muda mfupi. Kwenye 300Tdi kuna pia vizibo vya plastiki juu ya rejeta na kwenye nyumba ya thermostati ambavyo huchakaa na kuvuja. Vya shaba vinauzwa na vinaingia palepale.

Njiani

Tairi lililolika huteleza, na gurudumu linaloteleza ni mafuta yanayogeuka joto bila gari kusogea. Tairi zenye meno, au minyororo kwenye mahali pabaya sana, huipoza injini kuliko inavyodhaniwa. Lumbesa nayo ina mchango wake. Serikali imepigana nayo kwa miaka mingi kwa kuwa humpunja mkulima, lakini pia humwumiza mwenye pikapu, anayedhani amebeba tani moja kumbe amebeba zaidi.

Mshale ukianza kupanda, hita ifunguliwe hadi mwisho, kwani hita ni rejeta ndogo ya pili, na abiria wa Makete hawatalalamika. Gari lisimamishwe likielekea upepo, gia huru, injini ikiendelea kunguruma taratibu ili pampu na feni viendelee kufanya kazi. Izimwe mara moja iwapo tu maji yamemwagika au mkanda umekatika. Kifuniko kisiguswe kwa angalau nusu saa. Maji yaliyo chini ya presha huruka usoni. Na maji baridi ya mtoni yasimwagwe kwenye hedi ya moto wala kujazwa kwa pupa. Hapo ndipo hedi nyingi hupasukia. Yaongezwe kidogokidogo injini ikiwa inazunguka.

Wakati wa kuvuka mto wenye kina, hatari ni feni. Mapanga ya plastiki yakipiga maji kwa kasi hujikunja kwenda mbele na kuikata rejeta. Turubai likifungwa mbele ya grili na gari likaenda polepole bila kusimama, maji husukumwa pembeni na huchelewa kufika kwenye feni. Feni ya umeme izimwe kwa swichi. Ng'ambo ya pili turubai litolewe papo hapo.

Anayetaka kununua pikapu iliyotumika mara mvua zinapokwisha, kipindi ambacho nyingi huuzwa, aende kuiangalia asubuhi kabla haijawashwa. Afungue kifuniko cha rejeta. Maji yenye rangi ya kutu au utando wa mafuta, na povu jeupe chini ya kifuniko cha oili, vyote vina maelezo ambayo muuzaji hatayatoa. Injini ikiwashwa, mapovu yasiyokoma kwenye maji ni dalili ya gasketi ya hedi. Kisha kifuniko kirudishwe, gari lipandishwe mlima, lirudi, lizimwe, na mkono upitishwe taratibu karibu na rejeta kutoka juu hadi chini. Ikiwa moto pembeni na baridi katikati, mirija ya katikati imeziba, na bei ipunguzwe kwa thamani ya rejeta nzima.